Nguvu za Kutoka na Kuingia

Andiko la somo: Yoshua 14:6–15
Soma pia: Mhubiri 12:1–5, 2 Samweli 19:31–39, 1 Timotheo 4:7–8

Somo la wiki hii linawahusu wazee wetu, lakini kama una miaka thelathini na kitu kama mimi, usifungue ukurasa mwingine. Ukijaliwa uhai, huko ndiko unakoelekea. Na hata kabla hujafika, pengine nyumbani kuna mama au baba unayemtunza, na namna unavyomtunza inaweza kumwongezea nguvu au kumpunguzia.

Nina jambo moja tu la kusema, na nitalirudia mpaka likae. Nguvu za mwili katika uzee ni amana. Anayezitoa ni Mungu, lakini hutunzwa kwa kutumiwa. Zisipotumiwa huondoka. Zikianza kutumiwa tena huweza kurudi, hata kwa mtu wa miaka tisini.

ALICHOOMBA KALEBU

Fungua Yoshua 14. Nchi inagawanywa. Kalebu anakuja mbele ya Yoshua kule Gilgali na anaanza na hesabu. Alikuwa na miaka 40 Musa alipomtuma kutoka Kadesh-barnea kuipeleleza nchi. Miaka 45 imepita. Sasa ana miaka 85.

Mtu wa miaka 85 ungetarajia aombe nini? Mimi ningemtafutia ploti tambarare, karibu na maji, jirani na watoto wake. Kalebu anaomba mlima! Tena mlima ambao bado una Waanaki, watu wakubwa wenye miji yenye ngome. Na hakuwa anaongea tu, maana sura ya 15 inatuambia aliwafukuza wana watatu wa Anaki na kuuchukua Hebroni.

Sasa tazama mstari wa 11. Anasema nguvu alizonazo leo ni sawa na za siku ile alipotumwa, na anazitaja kazi zake: ni za vita, na pia za kutoka na kuingia. Wengi wetu tukisoma tunarukia vita. Wacha tukae kwenye hilo la pili. Katika Biblia, kutoka na kuingia ni kuweza kwenda kwenye shughuli zako na kurudi, kuongoza watu, kuendesha maisha yako mwenyewe. Musa alipofika miaka 120 aliwaambia Waisraeli kwamba hawezi tena kutoka na kuingia (Kumbukumbu la Torati 31:2), na hapo hapo akamkabidhi Yoshua kazi.

Kwa wazee wetu wengi, mlima hauko Hebroni. Mlima ni zile ngazi za mlango wa kanisa. Ni kupanda matatu pale steji huku makanga anaharakisha. Ni kwenda choo kilicho nyuma ya nyumba usiku wa manane. Ni kupiga magoti kuomba halafu kuinuka bila kuita mtu. Anayeweza kutoka na kuingia mwenyewe ana uhuru ambao hatuuoni mpaka siku unapopotea.

Je, Biblia inasema Kalebu alifanya mazoezi? Hapana. Mstari wa 10 anasema Bwana ndiye aliyemhifadhi, na utukufu wote tunamrudishia Mungu. Lakini angalia ni katika maisha ya namna gani Mungu alimhifadhi. Kambi ya Israeli ilipohama, alihama nayo kwa miguu. Siku sita za wiki, asubuhi, watu waliinama kuokota mana (Kutoka 16). Baadaye ikaja miaka ya vita. Kalebu hakukaa kwenye kiti miaka 45 halafu akaamka siku moja na nguvu za kupanda mlima.

LAKINI PAULO SI ALISEMA MAZOEZI YANAFAA KIDOGO?

Hilo swali naulizwa sana, na ni swali zuri. Fungua 1 Timotheo 4:8 usome polepole. Paulo analinganisha vitu viwili. Utauwa una faida katika maisha haya na yale yajayo. Mazoezi ya mwili yana faida ndogo, kwa sababu mwili huu ni wa muda. Ni kama biashara mbili, moja inalipa miaka michache na nyingine inalipa milele. Mwenye akili ataipa hiyo ya pili moyo wake wote. Lakini hakuna mhasibu atakayeandika ile ya kwanza kwenye safu ya hasara. Kidogo si sufuri.

Tena kumbuka Timotheo aliishi wakati gani. Watu walitembea. Paulo mwenyewe, katika Matendo 20:13, aliwaacha wenzake wapande merikebu, yeye akachagua kwenda kwa miguu kutoka Troa mpaka Aso, mwendo wa takriban kilomita 30. Timotheo hakuhitaji mtu wa kumwambia ainuke atembee. Sisi ndio tunahitaji. Tunatoka kitandani tunakaa mezani, bodaboda inatufuata mpaka mlangoni, tunafika kanisani tunakaa tena saa tatu, tunarudi kwenye sofa. Mwambie jirani yako: inuka kidogo!

AKIBA ILIYO NDANI YA MISULI

Wengi mnajua nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye utumishi, kwa hiyo mtanivumilia nikiongea lugha ya Sacco. Misuli ni akiba. Ulipokuwa kijana uliweka bila kujua. Ulienda shule kwa miguu, ulichota maji kwa mtungi wa lita 20, ulilima, ulibeba kuni, ulibeba mtoto mgongoni.

Kuanzia miaka ya thelathini hivi, misuli huanza kupungua polepole, na baada ya miaka 60 kasi huongezeka. Chukulia ni kama ada inayokatwa kwenye akaunti kila mwezi, utake usitake. Kama kuna kitu unaweka, salio linashikilia. Kama huweki chochote, linashuka tu.

Halafu kuna siku ya kutoa pesa nyingi kwa mara moja, na hiyo ni siku ya ugonjwa. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwalaza kitandani watu wazima wenye umri wa wastani wa miaka 67 kwa siku 10. Watu hawa hawakuwa wagonjwa. Walilala tu. Katika siku hizo 10 walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya misuli kwenye miguu. Siku kumi!

Sasa fikiria mzee aliyelazwa wiki mbili kwa nimonia. Dawa imefanya kazi, kifua kimepona, ametolewa hospitalini, tumemshukuru Mungu. Lakini akifika nyumbani miguu haimbebi. Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja anasema uzee umemshika ghafla. Mwingine anasema kuna mkono wa mtu. Wapendwa, mara nyingi ni akiba iliyotolewa ikakosa wa kuirudisha. Baada ya ugonjwa mzee anahitaji kuinuliwa kidogo kidogo kila siku, kama vile Sacco inavyojazwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Na je, akaunti ikishakauka inaweza kujazwa katika umri huo? Hapa nina habari njema. Mwaka 1990 daktari anayeitwa Maria Fiatarone na wenzake, mjini Boston, walichukua watu 10 kutoka makao ya wazee, wenye miaka kati ya 86 na 96. Hawakuwapa mazoezi ya kuchezacheza. Waliwapa uzito wa kuinua kwa miguu, mara tatu kwa wiki kwa wiki nane, wakiongeza uzito kadiri nguvu zilivyopanda. Waliofika mwisho waliongeza nguvu za miguu kwa wastani wa asilimia 174. Wawili wao waliacha kutembea kwa fimbo. Mwaka 1994 walirudia kwa watu 100 wenye umri wa wastani wa miaka 87, na tena waliofanya mazoezi walipata nguvu mara mbili na zaidi ya zile walizoanza nazo. Walitembea haraka zaidi na kupanda ngazi vizuri zaidi.

Katika utafiti huo wa 1994 kulikuwa na kundi lililopewa kinywaji cha lishe bila mazoezi. Hao hawakupata nguvu hizo. Nalisema kwa sababu watoto wengi walio mjini hutuma mkebe wa unga wa lishe kwa mama kila mwezi na kuona wamemaliza. Chakula ni muhimu, na nitakigusa hapo mbele, lakini mkebe peke yake hauwezi kumwinua mama kwenye kiti.

KUANGUKA, NA WOGA WA KUANGUKA

Shirika la Afya Duniani linasema kuanguka huua watu wapatao 684,000 duniani kila mwaka. Kati ya majeraha yasiyo ya kukusudia, ni ajali za barabarani tu zinazoua wengi zaidi. Na kundi linalokufa zaidi kwa kuanguka ni watu waliopita miaka 60. Kwetu tunazika, tunasema mzee alianguka bafuni, basi. Hatuhesabu kama tunavyohesabu ajali za matatu.

Mhubiri aliliona hili zamani. Katika sura ya 12 anauchora mwili wa mzee kama nyumba. Walinzi wanatetemeka, ndiyo mikono. Wenye nguvu wanainama, ndiyo miguu na mgongo. Wasagaji ni wachache, ndiyo meno. Wanaochungulia dirishani wanaona giza, ndiyo macho. Halafu kwenye mstari wa 5 anataja kitu ambacho madaktari wanakizungumzia sana siku hizi: mzee anaogopa palipoinuka, na njiani anaona vitisho.

Huo woga una madhara yake. Mama anaanguka mara moja, haumii sana, lakini moyo unashtuka. Anaanza kupunguza safari. Haendi tena kwa jirani. Anaacha ibada ya katikati ya wiki. Kwa kuwa hatembei, miguu inalegea. Kwa kuwa miguu imelegea, anaanguka tena, na mara hii nyonga inavunjika. Woga uliokuja kumlinda ndio uliomwangusha. Njia ya kukata mzunguko huo ni kurudisha nguvu na uthabiti wa mwili polepole, mahali salama, na mtu akiwa karibu.

Na wacha niseme kwa upendo: si kila anguko ni pepo. Tunaamini katika kuombea wagonjwa na tutaendelea kuwaombea. Lakini baada ya kuomba, angalia balbu ya korido kama inawaka. Angalia zulia lililokunjika, sakafu ya bafu iliyolowa, ndara iliyolika mpaka inateleza. Angalia kama miwani ni ile ya miaka kumi iliyopita. Muulize daktari kama dawa ya presha inamletea kizunguzungu anapoinuka ghafla. Kuweka chuma cha kushikilia karibu na choo ni gharama ndogo sana ukilinganisha na bili ya kutibu nyonga.

HESHIMA INAYOMKALISHA MZEE

Hapa sasa naongea na watoto, na naongea na kanisa.

Kuna mama mmoja ninayemtembelea, ana miaka 74. Maisha yake yote aliamka saa kumi na moja, akakamua ng'ombe, akaenda shambani. Watoto wake ni wacha Mungu na wanampenda. Baba alipofariki walisema mama asihangaike tena, wakamleta mjini, wakampa chumba kizuri kwenye ghorofa ya tatu. Dada wa kazi anapika. Dada anafua. Dada anamletea chai hapo alipo. Akiinuka anaambiwa, "Cucu, kaa tu, mimi nitaleta." Mwaka haujaisha, mama alikuwa anavutwa mikono miwili ili atoke kwenye sofa.

Hakuna mtu mbaya katika hadithi hiyo. Kila mtu alikuwa anatii amri ya tano. Lakini mwili wa yule mama ulikuwa umezoea kuweka akiba kila siku, na siku moja tukafunga dirisha la kuwekea pesa, tukaita hiyo ni heshima.

Binti yake aliponiuliza waombe nini, tulimuuliza mama mwenyewe anakosa nini. Hakutaja ng'ombe. Alisema anataka kuchagua mboga kwa macho yake. Basi wakapanga. Kila jioni mjukuu anashuka naye ngazi, yeye akishika chuma cha pembeni, wanaenda kibandani, anachagua sukuma, wanarudi wakipumzika kila ghorofa. Asubuhi anasimama na kukaa kwenye kiti cha meza mara kadhaa kabla ya kunywa chai. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu, na kuna siku alikataa kabisa. Baada ya miezi kadhaa akaanza kuinuka mwenyewe. Fimbo bado anayo. Lakini Jumapili moja alisimama kutoa ushuhuda na hakuna aliyemshika kiwiko.

Soma 2 Samweli 19:31–39 uone namna mfalme alivyoshughulika na mzee. Barzilai ana miaka 80. Ameteremka kutoka Rogelimu kumvusha Daudi Yordani. Daudi anamwambia twende Yerusalemu, nitakutunza huko. Ni ofa nzuri kutoka moyo mzuri. Barzilai anakataa. Anasema atavuka Yordani na mfalme mwendo kidogo, kisha arudi mjini kwake, na anamtoa Kimhamu aende badala yake. Daudi hakumlazimisha. Alimbusu, akambariki, akamwachia njia yake. Daudi alimuuliza mzee, akasikia jibu. Ni wangapi kati yetu tumemhamisha mzazi bila swali hata moja?

Katiba ya Kenya nayo, katika Kifungu cha 57, inataja haki za wazee. Inataja kutunzwa na familia na Serikali, ndiyo, lakini pia inataja kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, na kuishi kwa hadhi na heshima. Matunzo yamo pamoja na kushiriki. Sisi tumechukua la kwanza tukasahau la pili.

Kule Korogocho, Nairobi, kuna mashosho ambao kwa miaka wamekuwa wakikutana kujifunza kujikinga kwa ngumi na mateke, kwa sababu walichoka kushambuliwa. Mtu akiwaona anaweza kucheka. Lakini wale akina mama hawakusubiri mtu awape kiti.

Hata hapa kanisani tujiangalie. Tunawapa wazee viti vya mbele, na ni vizuri. Lakini tuwape pia kazi. Wasimame mlangoni kusalimia watu kwa dakika chache. Waende na vijana kutembelea wagonjwa walio karibu. Wakati wa sifa wasimame wacheze kadiri wanavyoweza, wakishika kiti kilicho mbele. Na wewe mhudumu, unapomsaidia mzee kupanda ngazi, mpe mkono wako aushike. Usimnyanyue. Miguu yake ifanye sehemu yake.

TUANZE WAPI?

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wa miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Ukigawanya ni nusu saa kwa siku tano, na unaweza kuikata vipande vya dakika kumi kumi. Waongeze mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili, na yale yanayochanganya nguvu na uthabiti wa mwili siku tatu au zaidi. Usiogope hizo namba. Kama leo unaweza dakika tano, anza na tano. Kidogo ni bora kuliko kukaa.

Hutahitaji kulipia jimu. Haya yanafanyika nyumbani:

1. Kuinuka kwenye kiti. Tumia kiti kigumu kisichoteleza, kikiegemea ukuta. Weka mikono kifuani, simama wima, kaa polepole. Kama huwezi bila mikono, anza nayo. Fanya mara tano, pumzika, rudia. Hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu ndilo linalokutoa sofani, chooni na kitandani. Wahudumu wa afya Marekani hulitumia pia kama kipimo: ni mara ngapi unainuka kwa sekunde 30 bila kutumia mikono? Kwa mama wa miaka 70 hadi 74, chini ya mara 10 ni ishara kwamba miguu imedhoofika. Kwa baba wa umri huo, ni chini ya mara 12. Jipime leo, andika tarehe, jipime tena baada ya miezi miwili.

2. Kutembea. Tembea kwa kasi ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba pambio. Ukiweza kuimba ubeti mzima, ongeza mwendo. Ukishindwa kuongea, punguza.

3. Kusimama kwa vidole. Shika meza au sinki, inua visigino, hesabu hadi tatu, shuka. Mara kumi.

4. Kusimama mguu mmoja. Shika meza kwa mkono, inua mguu kidogo, hesabu hadi kumi, badilisha. Ukizoea, shika kwa kidole kimoja tu. Kuwe na mtu karibu siku za kwanza.

5. Kusukuma ukuta. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja, kunja viwiko ukikaribia, jisukume urudi. Mara nane hadi kumi. Ukitaka kuongeza, inua chupa mbili za maji. Chupa ya nusu lita ni karibu nusu kilo, ya lita moja ni karibu kilo moja.

Kila zoezi likiwa rahisi, ongeza kidogo. Wale wa Boston hawakupata nguvu kwa kurudia uzito ule ule.

Kuhusu chakula, misuli hujengwa kwa protini, na wazee wengi wanaishi kwa chai na mkate. Weka maharagwe, ndengu, mayai, maziwa au omena kwenye sahani kila siku. Omena haina gharama kubwa na inafanya kazi. Kama daktari amekupa masharti ya chakula, kwa mfano kwa sababu ya figo, fuata masharti yake.

TAHADHARI

Kama una ugonjwa wa moyo, presha iliyo juu, sukari, au umefanyiwa upasuaji hivi karibuni, ongea na daktari kabla ya kuanza. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi kukata kuliko kawaida, simama. Maumivu ya kifua yasipoisha, nenda hospitali mara moja, usisubiri ibada ya maombezi. Usiache dawa kwa sababu umeanza kujisikia vizuri. Mwenye sukari asitembee peku, na akague nyayo zake kila jioni. Mwenye magoti mabaya asidhani mazoezi yatayamaliza. Misuli ya paja ikipata nguvu hulisaidia goti kubeba mwili, ila anza taratibu. Uchovu wa misuli kwa siku moja au mbili ni kawaida. Maumivu makali ya kiungo si kawaida.

KWA WALE AMBAO HAWAWEZI

Najua kati ya wanaosoma hapa wamo ambao hawatasimama tena. Kuna mwenye kiharusi, kuna aliye kitandani miaka. Somo hili lisikupige. Thamani yako mbele za Mungu haipimwi kwa idadi ya mara unazoinuka kwenye kiti. Musa alipofika mahali pa kutotoka na kuingia, Mungu hakumwacha. Alitembea naye mpaka mwisho. Kama unaweza kuinua mkono mmoja, inua huo. Kama unaweza kuomba tu, tuombee sisi. Na sisi tulio wazima tuje kwako, tusisubiri wewe uje.

Lakini wewe unayeweza na umeacha, wewe ambaye umejiambia kazi yako imeisha ukiwa na miaka 68, msikilize Kalebu. Alikuwa amekuzidi miaka 17 na bado aliuona mlima wake. Bado kuna wajukuu wa kufundishwa, kuna ndoa changa zinazohitaji mtu wa kuzitembelea, kuna wagonjwa. Hizo ni kazi za mtu anayeweza kutoka na kuingia. Itunze hiyo amana kwa ajili yao.

Kuanzia wiki ijayo, Jumatano baada ya maombi ya mchana, tutatembea pamoja kutoka kanisani, mwendo wa dakika 20, kwa kasi ya mzee aliye nyuma kabisa. Njoo na viatu vilivyofungwa. Vijana, tunawahitaji kwa kuvuka barabara.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Kalebu alisema nguvu zake zilikuwa za kazi gani? Nguvu ulizonazo leo unazitumia kwa kazi gani?
2. Ni jambo gani mzazi wako alikuwa akilifanya mwenyewe, na sasa mnamfanyia? Je, aliomba mumfanyie?
3. Taja vitu viwili nyumbani kwako vinavyoweza kumwangusha mzee. Nani atavirekebisha, na kufikia siku gani?
4. Wazee wa ushirika huu wangependa kupewa kazi gani kanisani? Waulizeni wenyewe, na muwaache wajibu.

MAOMBI

Baba, asante kwa miaka uliyotupa. Tunawaombea wazee wetu: uwape nguvu miguuni na uwaondolee woga njiani. Utusaidie sisi watoto kuwaheshimu kwa hekima, tusiwanyang'anye kazi ulizowaachia. Wanaolala kitandani, uwe karibu nao usiku na mchana. Na kesho asubuhi, Bwana, tukikaa kwenye ukingo wa kitanda, utupe moyo wa kuinuka mara moja zaidi ya jana. Katika jina la Yesu, Amina.